Siku Ngoma ya Wasantali Ilipotoka Ghalani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu, mama wa Kiskoti mwenye sauti ndogo, alinipa sanduku tupu akaniagiza nizunguke nalo ghalani asubuhi nzima. "Ukizoea kubeba hewa bila kugonga rafu," alisema, "nitakukabidhi chungu." Ndivyo mimi, Mwanaisha wa Tanga, nilivyoanza kazi ya uhifadhi katika makumbusho moja ya London.

Nilianzia ufungashaji. Nikahamishiwa chumba cha wadudu, ambako nguo na manyoya hugandishwa kwenye friza ili nondo wafe pamoja na mayai yao. Mwisho nikatua kitengo cha ngozi na mbao. Ngozi, wanangu, hata ikiwa kuukuu hunywa unyevu ikalegea, na hewa ikikauka hujikaza mpaka ikapasuka. Kazi yetu ilikuwa kuitunzia hewa isiyobadilika.

Nilipokaribia kustaafu alikuja Bi Phulmani, muuguzi, Msantali wa jimbo la Jharkhand, India. Wasantali ni miongoni mwa makabila ya asili ya huko. Wenzake waishio London walikuwa wakiandaa, kama kila Novemba, sherehe ya kuzaliwa kwa jimbo lao lililomegwa kutoka jimbo la Bihar. Ghalani tulikuwa na ngoma ya kwao: mwili wa udongo, ngozi pande zote mbili, umezungushiwa kamba za ngozi.

"Baba yangu amekuja kutembea," alisema. "Ni mpigaji. Anataka kuipiga."

Niliikagua. Ngozi ilikuwa kavu kama ganda la kitunguu, na udongo ulikuwa na ufa. Nikamwambia haipigiki.

"Sasa mnamhifadhia nani?"

Kwenye rafu ya jirani zilikaa ngoma za Kizaramo, na hata mimi sikuwahi kuzisikia zikilia. Nikaenda kwa Mkurugenzi wa Makusanyo kuomba ngoma iende kwenye sherehe, itazamwe tu.

"Dhamana ni yako," alisema. "Irudi kama ilivyotoka."

Ukumbi wa sherehe ulikuwa Kingsbury, hapohapo London. Mwenye ukumbi, Mhindi wa Mwanza, alinipokea kwa Kiswahili: "Karibu dada, mzigo tuuweke wapi?" Tukaiweka ngoma mezani. Wanawake waliovaa sari nyeupe zenye pindo jekundu walikuwa wameshashikana mikono tayari kucheza. Ndipo bibi mmoja akaja na mafuta na unga mwekundu.

"Ngoma hii ni mgeni wetu, na mgeni hupakwa hivi," Phulmani alinieleza. "Bila hivyo hatuanzi."

"Mafuta yakishaingia hayatoki yote, dada."

"Najua."

Nikaweka kidole kwenye udongo.

"Ngozi isiguswe," nikasema. "Kwenye udongo, hapa, mbali na ufa."

Bibi akapaka alama tatu. Mzee, baba yake Phulmani, akainama, akaweka paji la uso juu ya udongo, akanong'ona kwa Kisantali huku machozi yakimtoka.

"Anaisalimia," alisema Phulmani. "Anaiambia imekawia."

Kisha mzee akavaa ngoma yake mwenyewe shingoni, na watu wakacheza.

Niliporudisha ngoma, Mkurugenzi hakufurahi. "Nilisema irudi kama ilivyotoka."

"Ulisema, bwana. Niliruhusu mimi."

Aliniamuru nizifute zile alama, nikakataa. Hakunituma tena nje na kitu chochote mpaka nikastaafu. Sikumlaumu. Kanuni ile ilikuwa njema, na ilikuwa kazi yake kuilinda.

Sasa nakaa Woolwich. Juzi kijana aliyerithi meza yangu alinipigia simu. Alizaliwa hapahapa London, na Kiswahili chake ni cha kuchanganya. "Auntie, hizi red marks kwenye ngoma ya Wasantali, nizisafishe?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi niandike ni za nini?"

Nikamtafutia namba ya Phulmani. "Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Na muulize kama Novemba hii wataihitaji."