Maji ya Kioo cha Nyuma

Sisi tuliokulia Kang'ata, Handeni, miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulijua maji ya aina mbili. Ya lambo yalikuwa matamu, yenye rangi ya chai ya maziwa, na kuyafuata kuliimeza asubuhi nzima. Ya kisima cha karibu yalikuwa maangavu kama machozi, na yenye chumvi vilevile. Ya kisima tuliogea na kufulia, sabuni ikigoma kutoa povu. Ya lambo tulipikia, tulikunywa na, jambo lililonichanganya tangu siku ya kwanza, tulioshea kioo cha nyuma cha gari la zahanati.

Baba ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo. Lililetwa na wafadhili kutoka nchi ya baridi, limeshachoka lakini lina kila kitu, mpaka waipa ya nyuma na kitundu cha kurushia maji juu yake. Bibi alilizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa huku nyuma wanaosha ili wamwone nani?"

Baba akajibu kwamba ndivyo kitabu cha gari kinavyotaka, na kinataka maji yasiyo na chumvi. Kazi ya kuyachota kila Jumamosi akanipa mimi, binti yake wa miaka tisa, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuaminika.

Sikuwa wa kuaminika. Jumamosi wenzangu walicheza rede kwa mpira wa soksi uliojazwa matambara, ukikupata mgongoni unaita jina la mama yako. Vijana wa leo wanacheza mpira kwa vidole gumba na bado wanasema wamechoka. Nilijaza ndoo kisimani, nikacheza mpaka jua likapanda, kisha nikarudi nyumbani ninatweta kama mtu aliyetoka mbali. Nilifanya hivyo miezi mitatu.

Ndipo ikaja habari kwamba mkaguzi wa magari atapita. Gari litakalokutwa na kasoro hata moja litahamishiwa Korogwe, na dereva wake atarudi kwenye jembe. Baba alijaribu kila kitu. Taa zikawaka, honi ikalia, breki zikashika. Alipobonyeza maji ya nyuma, pampu ilinguruma, tone halikutoka.

Aliitwa Fundi Mhina kutoka Korogwe. Alichomoa mpira wa maji akapuliza mpaka macho yakamtoka. Akachokoa kitundu kwa sindano, ikaingia kidogo ikagota.

"Limeziba pua, ndugu. Vumbi."

"Vumbi gani gumu kama jiwe?" baba akauliza.

"La Handeni. Hata watu wake wagumu."

Baba hakucheka. Mama, aliyekuwa amesimama kando akipepeta mahindi, aliweka ungo chini, akapitisha kidole kwenye kitundu, akakitia ulimini.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi itoke wapi, mama Mwanaidi? Maji ni ya lambo."

Mama alinitazama. "Birika langu hufanya hivyohivyo. Leteni ndimu."

"Shemeji, hili ni gari, si birika."

"Na wewe ni fundi, na bado limeziba."

Kipande chenye kitundu kiling'olewa, kikalowekwa ndani ya kikombe cha maji ya ndimu. Alasiri sindano ikapita. Baba akabonyeza, maji yakaruka mstari mwembamba, yakateremka kwenye kioo.

Mkaguzi alipofika, alibonyeza akashangaa. "Hii ya nini, ndugu dereva?"

"Kuosha kioo cha nyuma."

"Kwani huwa unakwenda kinyumenyume?" Akaandika kwenye karatasi yake, akaenda zake. Baba akabaki na funguo.

Jumamosi iliyofuata niliamka alfajiri, nimeazimia kwenda lambo kwelikweli. Ndoo haikuwepo. Baba alikuwa ameshaichukua. Alirudi nayo kichwani, mwanamume mzima, akipita mbele ya watu waliomcheka waziwazi. Akafanya hivyo kila Jumamosi mpaka nilipokwenda sekondari. Hakunipiga wala kuniuliza. Mama alimwambia, au alijua mwenyewe? Ilikuwa adhabu au huruma? Nimekaa chuo kikuu miaka minne nikifundishwa kuchambua mambo, na hilo moja limenishinda.

Siku hizi mwanangu akikosea huniandikia kwenye simu, pamoja na kikatuni kinacholia, kisha huuliza leo tunakula nini. Nami humrudishia kikatuni kinachocheka, yamekwisha. Ni rahisi, na sikatai kwamba ni vizuri. Kosa langu limetimiza zaidi ya miaka arobaini, baba amelala Kang'ata, na bado sijui kama nilipaswa kumwomba radhi au kumshukuru.