Mti Wangu wa Ndoa Ulivyokauka Upande Mmoja

Mti wangu wa ndoa ulianza kufa upande mmoja. Upande unaotazama jiko la mama mkwe.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kucheza sinema.

Mimi nimeolewa Kirua Vunjo. Siku ya harusi yetu baba mkwe, Mzee Ebenezeri, alipanda miti miwili ya saipresi langoni, mmoja wa mume wangu Jackson, mmoja wangu. Miaka sita nimeipogoa kwa mkono wangu, imechongoka kama penseli, kijani mwaka mzima. Kila Krismasi ukoo ukirudi kutoka Dar, picha inapigwa pale katikati.

Sasa ni Novemba, na wangu umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Wa Jackson unang'aa tu.

Shangazi zake watasema nini? Watasema mwanamke ndiye mwenye kasoro. Niliogopa kwa kweli.

Nikamwagilia. Nikaweka samadi. Nikapulizia dawa ya wadudu. Wapi.

Nikamleta Elisaria, fundi bustani kutoka Rau. Akakwangua gome, akachimbua udongo, akanusa.

"Dada, hapa hakuna mdudu. Kuna mtu anamwaga kitu kwenye mizizi."

"Kitu gani?"

"Sijui, ila kinaunguza. Mwagilia maji mengi udongo usafishike, samadi sogeza mbali na shina, juu tandaza maganda ya kahawa. Na huyo mtu umzuie. Tawi la saipresi likishakauka halirudi kijani."

Mtu. Moyoni nilimtaja mama mkwe palepale.

Siku mbili nikamnunia. Hata shikamoo niliitoa kwa kubana meno.

Nisiwafiche, baba mkwe alivunjika mguu mwezi wa tisa. Tangu hapo kila saa nne asubuhi nampikia supu ya mifupa, naitia kwenye chupa ya chai, anainywea langoni kwenye benchi lake. Mama mkwe naye namwekea bakuli. Vyombo hurudi vitupu, nami nilishajisifu mpaka kanisani.

Siku ya tatu nikampelekea mzee supu, kisha nikajibanza kwenye migomba nimvizie mama mkwe.

Mzee akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akafungua chupa, akaimimina yote kwenye mti wangu.

Kuku wakaja mbio kudonoa mabaki. Walikuwa wameshazoea.

"Baba?"

Mfuniko ukamdondoka. "Mama Kindness. Sikukuona."

"Kumbe ni wewe?"

Akachezea mkongojo wake. "Mwanangu, ningekuambiaje? Mtu umeamka, umenipikia. Lakini ile chumvi, hata ng'ombe angeomba maji."

Nikachovya kidole kwenye chupa, nikaonja.

Jamani.

Ndiyo maana Jackson kila nikipika mtori wa ndizi "amechelewa kazini".

Nilitamani ardhi inimeze, lakini aibu kubwa ilikuwa ya mama mkwe, niliyemnunia bure. Nikachuma jani la sale pale mpakani. Uchaggani ukiletewa sale huna ujanja, unasamehe. Nikampelekea jikoni, nikamweleza yote, hata nilivyomdhania.

Akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko.

Kulikuwa na mgomba pale, majani yote ya manjano, umejiinamia.

"Huyu ndiye anayekula supu yangu," akasema. "Tusameheane tu, mwanangu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nilifuata maneno ya Elisaria, matawi makavu nikayakata. Krismasi mti ulikuwa na vichipukizi vya kijani, na pengo moja kubwa. Kwenye picha mimi ndiye nimesimama mbele ya pengo. Chakula cha siku hiyo alipika mama mkwe.

Funzo langu ni hili: siku hizi nikisifiwa mapishi, nashukuru vizuri, halafu nazunguka bustani kwanza.