Kamba ya Mzee Audax

Kastori alikuwa na sifa moja iliyomponza: mwandiko mzuri. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, akafundishwa na mwalimu asiyejua mzaha, na wazazi wake waliporudi Burundi kulima Makebuko, alirudi na mwandiko huo na shati moja la maana. Ndiyo maana kikosi cha wazimamoto wa kujitolea, wanaume kumi na wanne wa Gitega na Muyinga, kilipoamua kuomba msaada kwa wafadhili, wote walimgeukia yeye. Wengine ghafla walikuwa na macho mabovu.

Walichoomba ni mafunzo, barakoa za kuvutia hewa, na daktari wa kuwapima afya. Miaka sita walikuwa wamezima moto kwa ndoo, majembe, vipande vya migomba na kamba moja ya katani. Kamba ndiyo ilikuwa roho yao. Anayeingia ndani ya moshi hufungwa kiunoni, mwenzake hubaki nje ameishika. Akivuta mara moja, maana yake ni amahoro, niko salama. Akivuta mara tatu, nitoeni. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuvuta mara tatu, na Kastori aliliandika jambo hilo kwenye ombi kwa majivuno makubwa.

Ombi halikufika mbali. Mama Dorcas, Mkongo wa Bukavu aliyewasomea wafadhili barua zote za Gitega, alimwita ofisini kwake mtaa wa Magarama akamfungulia ukurasa wa afya. Kila mzimamoto alitakiwa aseme anaumwa nini. Majibu yalikuwa kumi na manne: Hakuna. Hakuna. Ni amahoro. Hakuna. Ndivyo tulivyo sisi Warundi. Paa la mtu limeezuliwa na upepo, ukimsalimu anakujibu ni amahoro, kisha anaomba radhi kabla ya kulitaja paa. Kastori mwenyewe, ambaye koo lilikuwa likimwasha tangu mwaka jana, alikuwa ameandika "Hakuna" kwa herufi nzuri kuliko zote.

"Hapa munasema muko bien, bazima bote," Mama Dorcas alimwambia. "Sasa munganga atakuya kufanya nini? Mi siwezi kupeleka hii. Nakupatia mpaka vendredi."

Alimweleza pia kwamba msaada ni mmoja: bila ukurasa wa afya, hakuna mafunzo wala barakoa. Kastori alitoka akiwa na siku tatu mpaka Ijumaa. Kesho yake alfajiri alishika njia ya Muyinga kwa Mzee Audax, kwa sababu alijua Audax akifungua kinywa wengine watafungua, na akinyamaza basi mambo yameishia hapo.

Kusema kweli alikuwa akimwogopa mzee huyo, vile mtu anavyoshusha sauti akiingia kanisa lisilo na watu. Mwaka uliopita duka la magodoro lilishika moto Muyinga mchana kweupe. Audax aliingia mara tatu, Kastori akiwa ameshika kamba, na kila alipoingia kamba ilivutwa mara moja tu: amahoro. Mara ya tatu alitoka amembeba mgongoni mshonaji mmoja, Hidaya, akamlaza chini taratibu, halafu akapiga magoti na kutapika vitu vyeusi. Alipoulizwa, alijibu ni amahoro. Hidaya yuko hai mpaka leo na anashona.

Kastori alimkuta mzee ameinamia mbabula, jiko lake la makaa, anataka kumchemshia mgeni chai. Makaa yalikuwa yamewaka upande mmoja tu. Audax hakupuliza. Alipepea kwa mfuniko wa sufuria, akapumzika akiwa ameegemea ukuta, akapepea tena mpaka jasho likamtoka. Kastori alichutama, akapuliza mara mbili, makaa yakashika. Audax aliyatazama makaa yale kwa muda mrefu.

Basi Kastori akapiga moyo konde, akatoa ya kwake kwanza. Alisimulia koo, na jinsi harufu ya godoro jipya inavyomtetemesha hadi atoroke sokoni kama mwizi. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mke wake. Alipomaliza alitazama chini kwa aibu.

"Mi nazima manyumba," Audax alisema polepole, "lakini mushumaa inanishinda kuzima. Na ile siku ya magodoro, nilikuwa nakufa mule ndani. Nikavuta mara moja."

Kastori alitoa karatasi na kalamu.

"Nikisema hivi kwa munganga, batanitosha mu kazi. Sitaingia tena mu moto. Unajua?"

"Najua, mzee."

"Andika."

Kastori akaandika, na mwandiko wake ukaharibika kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa amemwona mtu huyu akiingia motoni mara tatu, akadhani hakuna ushujaa unaozidi ule. Kumbe upo.

Alhamisi Audax aliteremka naye Gitega, akayarudia maneno yale yale mbele ya wenzake wote. Kisha mwenzao Trésor, ambaye hajawahi kusema jambo bila utani, akasema bila utani kwamba yeye halali usiku. Ukurasa mmoja ukawa sita. Ijumaa Mama Dorcas alizisoma zote, akavua miwani, akaomba aachwe peke yake kidogo.

Msaada ulikuja baada ya mvua. Daktari alimpa kila mtu mrija apulize, na Audax alipopuliza, kipimo hakikusogea hata kidogo. Akamtoa katika kazi ya motoni, kama mzee alivyosema atatolewa. Siku ya kwanza ya mafunzo walijaza moshi wa majani mabichi kwenye nyumba tupu ya matofali. Mwalimu alipouliza nani atashika kamba, Audax alikuwa ameshaizungusha mkononi.

Kastori aliingia na barakoa yake mpya. Moshi ulikuwa mzito mbele ya macho, na yeye anapumua hewa safi, hewa ya asubuhi ya Makebuko, akataka kucheka kwa mshangao. Halafu mkanda wa barakoa ukalegea, moshi ukamjaa kooni. Mkono ukaenda kwenye kamba, ukavuta mara moja, kwa mazoea.

Akasimama gizani mle, akaukumbuka mshumaa wa Audax. Akavuta mara ya pili. Akavuta mara ya tatu.

Kamba ilikaza, akatolewa kinyumenyume kwa nguvu ambazo hakuzitegemea. Nje, wenzake wote walikuwa wamesimama wima, kwa kuwa miaka yote hiyo kamba haikuwahi kuvutwa mara tatu. Audax alikuwa amepiga magoti, kamba imemkata viganja, kifua kinapanda na kushuka. Ilimchukua muda kupata pumzi ya neno moja.

"Asante," alisema.