Wafalme Juu ya Mlango wa Sapiwi

Harufu ya udongo mbichi unaokaushwa na moto hunifanya, hadi leo, niharakishe hatua kuifuata. Wiki iliyopita niliikuta kando ya barabara, mahali ambapo vijana walikuwa wakikandika tanuri la matofali, na kabla sijajitambua nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu peke yangu. Niwaambieni kwa nini, wenzangu, maana kisa hiki sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mjomba Masunga, kaka yake mama, alikuwa mchoma matofali pale kijijini kwetu Sapiwi, na mwaka ule kigango chetu kilimpa kazi ya kujenga kanisa dogo. Likizo ya mwaka huohuo mwalimu wetu, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea, aliniazima kitabu chake cha picha za kanisa kuu moja la Ufaransa, lililojengwa yapata miaka mia nane iliyopita. Nilinawa mikono kila nilipotaka kukifungua. Humo mlikuwa na madirisha ya vioo vya rangi, mazimwi ya mawe yanayotapika maji ya mvua, na milango mitatu yenye matao yaliyochongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Juu ya milango walisimama wafalme wa mawe, safu nzima, kila mmoja na taji lake na uso wa mtu aliyekatazwa kucheka. Mwalimu alisema wafalme wa nchi ile walitawazwa humo.

Nilimpelekea Mjomba kitabu tanurini. Akafuta mikono kwenye suruali, akatazama, akaangua kicheko.

"Kabula, huu si ndio mdomo wa tanuri langu!"

Alisema kweli. Chini ya tanuri huachwa matundu ya kuingizia kuni. Fundi hupanga matofali kutoka pande mbili, kila safu ikijitokeza kidogo kuliko iliyo chini yake, mpaka zikutane juu kwa ncha.

"Na hawa?" Akawanyooshea wafalme kidole. "Watoto wa nani?"

"Wa wafalme waliotangulia, Mjomba."

"Kwa upande wa baba? Ah! Uhakika waliupata wapi? Zamani kwetu mfalme, yaani ntemi, alikuwa mtoto wa dada yake ntemi aliyetangulia. Kwa hiyo hapa ntemi ni wewe. Amuru."

Nikaamuru: mlango wa kanisa letu uwe wa ncha, kama ule wa Ufaransa.

Mjomba akaikataa lenta, ile boriti ya zege inayolazwa juu ya mlango, mbele ya katibu wa kigango, Mzee Ndaki, ambaye hakuamini kitu asichowahi kukiona. "Mlango ukianguka, Masunga," mzee alionya, "wewe utabaki na tofali zako, ujenzi tutampa fundi wa Bariadi."

Ukaanguka. Mjomba alipoondoa miti ya kuegemeza, matofali ya juu yaliinama polepole kuelekea ndani, kama wazee wanaosinzia ibadani, kisha yakaporomoka yote. Hakuumia mtu. Mwanamke mmoja akauliza kama humo wataingia waumini au zitaingia kuni, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Ndaki peke yake hakucheka.

"Nakupa mpaka Jumamosi," alisema.

Amri ilikuwa yangu, kwa hiyo nilijua kosa ni langu. Nilichukua rula ya shule, nikaenda kupima midomo ya tanuri safu kwa safu, kisha nikapima mabaki ya mlango wetu. Vipimo vililingana! Nikafungua kitabu. Juu ya mdomo wa tanuri kulikuwa na maelfu ya matofali. Juu ya milango ya Ufaransa kulikuwa na wafalme. Juu ya mlango wetu hakukuwa na kitu.

Nilikimbia nikipiga kelele. "Mjomba! Wafalme wako juu ya mlango!"

"Wako juu, ndiyo. Wananicheka na wao?"

"Wanakandamiza! Sisi juu tuliacha hewa!"

Akaokota matofali. Akaweka tofali likining'inia nusu ukingoni mwa jingine, likainama. Akalirudisha, safari hii akiweka tofali la pili juu ya mkia wake, upande usioning'inia. Likatulia. Akavua kofia, akairusha juu, na sote wawili tukaruka kama ndama waliofunguliwa.

Akajenga upya, kila safu akiikandamiza mkia kabla ya kuweka nyingine. Jumamosi miti ikaondolewa. Mlango ukasimama. Vigelegele vilivuma, naye Mzee Ndaki akapita chini yake mara tatu, mbili akiwa ameinama, ya tatu akiwa wima.

"Nani kakufundisha?"

"Mara ya kwanza nilikosea," Mjomba alisema mbele ya watu wote. "Aliyeliona kosa ni huyu mtoto wa dada yangu."

Nikainamisha uso kwa aibu. Kwa nini alitaje kosa, siku ambayo wangeamini lolote?

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yangu kuhusu kanisa lile la Ufaransa. Nilikuwa nimeandika kwamba wafalme wale waliwekwa ili wayakandamize matao. Profesa akauliza, kwa upole, ushahidi uko wapi: matao yale ni ya mawe yaliyochongwa kama kabari, yakabanana yenyewe, na wafalme wamebebwa na ukuta. Katika dakika ya pili nilijua amesema kweli. Nilibishana kwa dakika arobaini, nikatoka bila kukiri.

Utotoni niliamini kwamba kazi kubwa ya Mjomba ilikuwa kuusimamisha ule mlango. Kumbe iliyo ngumu zaidi aliifanya baadaye, kwa maneno manne, bila kulazimishwa na yeyote. Jana nilimwandikia profesa: "Katika sura ya pili, nilikosea." Nilikusudia kuishia hapo, lakini mkono ulikataa kutulia, nikaongeza: "Ila upo mlango mmoja Sapiwi ambao naomba sana uje uuone."