Mikono Kwanza, Nyama Baadaye

Jumatano, siku mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka huu, nilimpoteza mdogo wangu Seif. Alikufa Marekani kwa maradhi ya moyo, akazikwa huko huko. Mimi nipo hapa Ansab, nimestaafu ukaguzi wa nyama, na nyumba nzima ni ya mtu mmoja. Nyinyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niandike tulivyokuwa tukiifanya. Nitaandika, lakini Seif atakuwemo.

Siku ya kwanza nilipelekwa bucha moja la Darsait pamoja na mkuu wa ukaguzi, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Nikaiendea nyama moja kwa moja. Nikanusa, nikabonyeza kwa kidole kuona kama inarudi, nikachomeka kipimajoto. Mkuu akanivuta kanzu.

"Wewe, umekuja kununua?"

"La, mkuu."

"Basi tazama mikono kwanza."

Muuza nyama alikuwa amezungusha kitambaa kidoleni, kimelowa damu yake mwenyewe. Jeraha bichi huchafua nyama. Tukamsimamisha kazi mpaka apone. Sikuuliza atakula nini.

Garini mkuu akanisimulia viwanda vya nyama vya Marekani, zaidi ya miaka mia nyuma. Vilikuwa vichafu, watu wakiharakishwa mpaka wanakatika vidole, watoto wakiajiriwa. Habari zilipotangazwa, walaji walikasirika, sheria zikapitishwa, wakaguzi wakawekwa.

"Nyama ikapata mlinzi upesi," alisema. "Wakataji waliambiwa wangoje."

Niliyachukua kama mambo ya kale.

Kutoka Darsait nilihamishiwa machinjioni, kisha vyumba vya baridi. Mkuu wangu wa pili alinifundisha kuingia bila taarifa, tena kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele huwa umeshafagiliwa.

Wakati huo Seif naye alikuwa kwenye nyama. Alikwenda Marekani kusoma, hakumaliza, akaingia kiwandani. Mkanda unapita na mapande, kila mtu anakata sehemu moja ile ile, kutwa. Alinipigia simu kila Ijumaa.

"Bwana mkaguzi! Leo umemfungia nani duka?"

"Hakuna. Nyinyi je?"

"Mkanda wameuzidisha mwendo tena, Kaka. Mikono haiwahi."

"Baridi inatosha humo ndani?"

"Baridi tele. Na mashine zetu zinasafishwa na vitoto, wallahi, vya kwenda skuli."

"Kwa dawa gani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nna kaka mimi! Kamuoe huyo ng'ombe basi, tujue moja."

Nikacheka na mimi. Nyama ilikuwa safi, kwa hiyo nikaona yale aliyonisimulia mkuu wa Darsait yamekwisha.

Zilipokuja simu za kuonana kwa picha, Seif aliegemeza yake kwenye kikombe. Tangu utotoni alikuwa haongei bila mikono. Sasa wa kulia ulirukaruka vile vile, wa kushoto ukabaki chini ya meza. Miaka mingi nimeuona mkono mmoja tu, mimi niliyefundishwa kutazama mikono, na sikuuliza.

Nilipostaafu walinisifu kwamba sikupitisha nyama mbovu. Ni kweli. Mikono niliyoikagua ni mingi, na yote niliitazama kwa ajili ya nyama.

Wiki iliyopita nililetewa furushi. Mfanyakazi mwenzake Seif, aliyeosha maiti yake, alinikusanyia vitu vyake: kanzu moja, msahafu, na glavu ya nyuzi za chuma. Wakataji huivaa kwenye mkono usioshika kisu, ule unaoizuia nyama. Ilikuwa ya kushoto.

Nilikaa nayo sebuleni mpaka adhana ya Alasiri. Kisha nikaivaa. Vidole viwili vya mwisho vya glavu vilikuwa vimekunjwa ndani na kufungwa kwa waya, na vidole vyangu viwili havikupata pa kuingia.