Kakao ya Bwana Mkunjo

Wateja walimwita Bwana Mkunjo, kwa sababu hakuna kitu alichokichukia duniani kama mkunjo mahali usipotakiwa. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi lililopakana na kituo cha mabasi. Mwanaume wa makamo, mke wake alifariki zamani, na binti yake mmoja alikuwa bado anaishi naye. Kazi yake ilikuwa ya kusimama kutwa. Mbele yake meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, mkononi pasi ya mvuke, mgongoni ukuta usio na dirisha. Ikifika alasiri, shati lake lilikuwa limelowa kuliko yale yaliyo kwenye beseni, na wenzake wakamtania: "Wewe unakausha nguo za watu, wewe nani atakukausha?"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Mama Barafu. Alikuwa na meza, mashine ya kusagia, friza iliyounguruma kama mzee mwenye kikohozi, na mdomo usiojua likizo. Watu walipanga foleni kwa ajili ya kinywaji chake cha chokoleti, kilichosagwa na barafu kikawa kizito kama uji, chenye maziwa na sukari bila huruma.

Siku ya kwanza Bwana Mkunjo alikinywa kwa pupa, akamaliza bilauri nzima. Hajafika hata kwenye meza yake, tumbo likaanza kunguruma. Jioni ile aliimalizia chooni. Kesho yake alirudi kibandani na aibu yake, akaomba maji tu.

Mama Barafu akamtazama. "Maziwa, siyo?"

"Maziwa na tumbo langu haviivi chungu kimoja," akakiri. "Na sukari daktari kanikataza. Nimebaki kuwatolea wenzangu macho."

"Hebu kaa hapo. Usiende popote."

Akatoa ndizi zilizoganda kwenye friza, akazisaga na kakao, tende, na vitu vingine ambavyo Bwana Mkunjo hakuviona, maana alikuwa anaangalia mikono ya Mama Barafu tu. Kikatoka kinywaji cheusi, kizito, baridi ya kufika kwenye mizizi ya meno. Hakikuwa na tone la maziwa wala chembe ya sukari. Akanywa, na tumbo likanyamaza kama mtoto aliyebembelezwa.

Basi kuanzia hapo, kila alasiri alivuka barabara. Alimsimulia habari za dobini: bwana harusi aliyeleta suti ya kukodi ikiwa imechanika makalioni, mteja aliyesahau meno ya bandia kwenye mfuko wa koti. Mama Barafu alicheka mpaka akashika meza. Naye alimweleza jinsi mume wake alivyomwacha akiwa bado kijana, kwa sauti ileile aliyotumia kulalamika juu ya bei ya ndizi. Mara nyingi Bwana Mkunjo alitaka kumwambia jambo. Lakini neno likifika kwenye meno linageuka, linatoka: "Leo kuna joto, eh?"

Miaka ilikwenda hivyo. Kisha mama yake Mama Barafu, aliyekuwa akiishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, akaanza kusahau. Alisahau moto jikoni, akasahau njia ya kurudi nyumbani, mwisho akasahau majina ya wanawe wote isipokuwa la huyu. Mama Barafu akauza friza ili aende kumuuguza.

Siku ya kuondoka, Bwana Mkunjo alimkuta akifunga bilauri kwenye magazeti.

"Sasa kinywaji chako utakipata wapi?" Mama Barafu akauliza, bila kuinua kichwa.

"Nitavumilia."

Akaona amejibu kiume. Aliporudi kwenye pasi yake, akaona amejibu kipumbavu. Lakini basi lilikuwa limeshaondoka.

Kibanda kikachukuliwa na mshona viatu, mtu mpole asiyekuwa na kosa lolote, na Bwana Mkunjo akamchukia bure. Mazoea yana taabu. Ikifika alasiri miguu yake ilimpeleka mpaka mlangoni, akasimama, akakumbuka, akarudi. Alikonda kidogo. Shati moja la mteja akaliunguza kola, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Siku moja ya mapumziko akajitia moyo, akampigia Mama Barafu simu.

"Samahani kwa usumbufu," akaanza, kama anaongea na ofisi. "Nilitaka kujua tu, ile kakao unaitengenezaje. Nijaribu nyumbani."

Halafu sauti ile, na kicheko ndani yake: "Ndizi unagandisha. Tende unaloweka. Kakao isiyo na sukari, kijiko cha siagi ya karanga, maji kidogo. Saga. Basi."

Binti yake aliporudi jioni alikuta mashine yake ya kusagia inatoa moshi, na baba ameshika ndizi iliyoganda kama rungu, anajaribu kuimenya kwa kisu.

"Baba! Umegandisha na maganda?"

"Hakuniambia nimenye."

"Baba, hata mtoto anajua ndizi humenywa!"

Akapiga simu tena. Mama Barafu alicheka mpaka akakohoa, akamwambia amenye kwanza, akate vipande, ndipo agandishe. Mashine ikapelekwa kwa fundi. Mara ya pili kinywaji kilitoka, lakini kakao ilielea juu kwa madonge, chungu, ukiyatafuna yanapasuka unga mdomoni. Akapiga simu.

"Kakao uliikoroga kwanza na maji ya moto?"

"Hukusema."

"Sasa nimesema."

Mara ya tatu kikawa laini lakini hakina utamu. Ndizi alizonunua zilikuwa za manjano safi, za kupendeza macho. "Hizo ni za picha," Mama Barafu akamwambia. "Tafuta zenye madoa meusi, zile wauzaji wanazoziona aibu." Hapo wakaongea hadi sufuria ya mtu ikaungua upande mmoja wa simu. Alimweleza kwamba mama yake siku hizi humwita kila baada ya dakika, na asipomwona hulia. Kwamba usingizi amesahau unafananaje. Bwana Mkunjo alisikiliza. Akasema pole. Akairudia.

Binti yake, aliyekuwa akiosha vyombo, akamwangalia. "Huyu mama anakupa mapishi kwa kijiko, baba. Na wewe unafurahi."

"Osha vyombo," baba akajibu.

Juma lililofuata kinywaji kikatoka sawasawa. Cheusi, kizito, kitamu kwa tende na ndizi peke yake. Binti alikunywa, akaomba tena. Bwana Mkunjo alikunywa akiwa amesimama dirishani, na badala ya furaha akapata huzuni. Maana sasa hakuwa na sababu ya kupiga simu.

Hakupiga. Juma hilo likapita, na lingine. Mara simu ikalia mezani.

"Mbona kimya?" Mama Barafu akauliza. "Imeharibika tena?"

"Hapana. Imekuwa nzuri. Ndiyo maana sikupiga."

"Wewe mtu," Mama Barafu akasema polepole. "Ulikuwa unavuka barabara hata siku za mvua na baridi. Nani anakunywa barafu siku ya mvua?"

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakungoja useme."

"Nimekukumbuka," akasema. Safari hii neno halikugeuka njiani. "Naweza kuja?"

"Na mimi nimekukumbuka. Lakini usije sasa. Hapa sina nafasi hata ya kuugua. Ukija nitataka kuondoka na wewe, na mama nitamwacha na nani?"

Bwana Mkunjo hakubishana. Na yeye alimuuguza mke wake hadi mwisho. Alijua mwenye mgonjwa habandukiki.

Tangu hapo ikawa kila siku yake ya mapumziko anasaga kakao yake, anakaa kwenye kochi, anampigia. Wanazungumza kidogo, kwa sababu yule mama mgonjwa haachi kumwita bintiye. Kila mara bibi huuliza kwa nguvu: "Nani huyo unayeongea naye?"

"Ni mtu wangu, mama. Yuko mbali."

"Mwambie aje ale."

"Nitamwambia."

Wiki inayofuata bibi amesahau, anauliza upya, anajibiwa vilevile, anakaribisha upya. Bwana Mkunjo anakaa na simu sikioni, kakao inayeyuka kwenye bilauri mkononi, akiingoja sauti hiyo ya kizee imwite tena.