Upande wa Norma

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua la Arizona halijaanza kuchoma bati, Delbert Haugen amepiga magoti kando ya trela la kulala la mteja, la mwaka 1961. Anausugua ubavu wake wa alumini kwa dawa ya kung'arishia. Kitambaa kimekuwa cheusi tititi.

"Ukiona weusi, furahi," ananiambia mimi mgeni wake. "Uchafu wa miaka sitini huo, unaaga."

Kisha anapaka unga wa ngano, uleule wa jikoni, unyonye mabaki ya dawa. Ujanja huo ni wa marehemu mkewe, Norma.

Kwa miaka thelathini na moja walifanya kazi wawili, Delbert akianza upande wa kulia, Norma kushoto, wakikutana mlangoni. Trela moja liliwachukua siku sita. Norma alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku hizi linamchukua siku kumi na tatu, na mlangoni hamkuti mtu.

"Alikuwa ananitania toka upande wa pili, 'We kobe, umelala?' Sasa nasikia kitambaa tu. Upweke uusikie kwa mwenzako, ndugu yangu."

Trela analoishi mwenyewe ndilo kichekesho cha mtaa. Upande wa kulia unang'aa hadi unajiona uso. Wa kushoto umefifia kama sufuria kuukuu.

"Fundi gani wewe, nyumba imenyolewa nusu!" anapaza sauti jirani yake, Wanda Pruitt, akimletea bakuli la maharage.

Delbert anapokea bakuli na kumshukuru. Kwangu anafunguka. Norma alikuwa wa mkono wa kushoto, na ukiinama karibu utaviona viduara vya kitambaa chake, vimezunguka kinyume na vya mumewe. Delbert akisugua, vinafutika. Asiposugua, kutu nyeupe itavila, na tayari vitundu vimeanza chini ya dirisha.

"Nikigusa nampoteza, nisipogusa nampoteza vilevile," anasema, na machozi yanamtoka waziwazi.

Lakini ameshaamua. Nyuma ya trela ana mlango mbovu wa alumini, anaojifunzia kusugua kwa mkono wa kushoto. Nauona, una mikwaruzo ovyo.

"Bado naboronga," anacheka. "Joto likipungua nitaanza upande wake, kwa mkono huu, nizungushe alivyozungusha yeye. Nikifika mlangoni nitamwambia, mama, kobe kafika."